Tubomoe au tukarabati? Majengo ya shule yakaguliwe moja moja kabla ya kuamuliwa

Wanajukwaa, salaam.

Mwezi uliopita kikao cha kamati ya shule yetu ya msingi kilichukua saa nne kwa sababu ya swali moja. Shule sitaitaja, kwa kuwa jambo lenyewe bado liko mezani. Swali lilikuwa hili: madarasa yetu ya zamani yabomolewe ili tuombe fedha za mapya, au yakarabatiwe? Wajumbe tuligawanyika pande mbili na kila upande ulikuwa na hoja za kueleweka. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo niliyewahi kufanya kazi ya ujenzi, aliyekuwa ameingia katika madarasa hayo kwa nia ya kuyakagua. Tulichokuwa tunajadili ni miaka tu. Bloku ya 1956 ilihesabiwa kuwa imekwisha, na ile ya 2004 ikahesabiwa kuwa bado mpya.

Siku ya pili yake nilimwomba mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi mwashi mstaafu, anisindikize. Alikuja na nyundo ndogo, msumari wa nchi nne na kamba yenye timazi. Tulianza na bloku ya 1956. Kwa macho inatia aibu: lipu imebanduka, sakafu ina mashimo na mbao za madirisha zimeoza. Mzee akagonga kuta kuanzia chini hadi usawa wa kichwa chake, akasikiliza, akakwangua mchanganyiko ulioshikilia tofali za kuchoma. Msumari ulitoa vumbi kidogo tu. Akapanda ngazi akachungulia darini, akashuka akiwa na kinyesi cha popo mabegani, akasema kenchi zote, yaani mbao zinazobeba paa, ni mninga na mchwa hawajazigusa. Nyufa alizoziona zilikuwa za lipu, hazikuingia ukutani.

Tukahamia bloku ya 2004, ambayo ilipakwa rangi ya maziwa na bluu miaka michache iliyopita na ndiyo tunayowapeleka wageni. Alipokwangua chini ya rangi, mchanganyiko ulimwagika kama unga, saruji imo kwa kunusishwa tu. Kwenye kona ya dirisha la darasa la nne ufa unapanda ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, na sarafu ya shilingi mia ilizama ndani yake bila kusukumwa. Nyuma ya jengo, maji ya paa lisilo na mfereji yamechimba udongo mpaka msingi unaonekana, na kuku wa mwalimu mmoja ametengeneza kiota chini yake. Mzee alinitazama akasema, "Mwanangu, lile mnalotaka kulibomoa liacheni. Hili ndilo msilalie usingizi."

Ndiyo maana naanzisha uzi huu. Nadhani mijadala yetu mingi kuhusu majengo ya shule za umma inakosea mahali pa kuanzia. Tunalipima jengo kwa umri wake na kwa sura yake, kisha tunaihukumu shule nzima kwa pamoja, ilhali shule nyingi za Tanzania Bara zina majengo ya vizazi vitatu au vinne katika kiwanja kimoja, na kila kizazi kilijengwa kwa namna yake.

Historia inaeleza sababu. Shule zilizojengwa kabla ya uhuru zilikuwa chache, na nyingi zilisimamiwa na misheni au serikali ya kikoloni kwa mwendo wa taratibu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia 1977, vijiji vilijenga madarasa kwa kasi na kwa nguvu za wananchi, mara nyingi kwa tofali za udongo na bila mtaalamu wa kusimamia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002 hadi 2006 ukaleta wimbi jingine, zikafuata shule za sekondari za kata, kisha elimu bila malipo ya 2016 ikajaza madarasa hayo watoto kuliko ilivyotarajiwa. Silaumu kizazi chochote kati ya hivyo, kwa sababu bila madarasa yale ya haraka wengi wetu tusingesoma. Ninachosema ni kwamba jengo lililosimamishwa mbiombio katika miaka ya 2000 linaweza kuwa limechoka zaidi kuliko la miaka ya 1950.

Sasa niseme jinsi ya kulitazama jengo, maana hapa ndipo kamati zetu zinapotegemea mno maneno ya wengine. Ufa mwembamba kama unywele ulio kwenye lipu hautishi, kwani lipu hukauka na kujikunja. Ufa wa wima mahali ambapo jengo jipya liliunganishwa na la zamani unaonyesha kwamba misingi miwili haikutulia kwa kiasi kimoja, na mara nyingi hurekebishika. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango huku ukipanuka unaeleza habari za msingi. Ufa wa mlalo chini ya lenta, yaani ule ukanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, hasa pale ukuta unapoonekana kuinamia nje, ni wa kuwatoa watoto darasani siku hiyohiyo, kisha ndipo mhandisi wa halmashauri aitwe. Ikiwa lenta yenyewe haipo, kama ilivyo katika madarasa mengi ya nguvu za wananchi ya zamani, ukuta hauna kitu kinachoufunga juu, na kupaka rangi hakuongezi chochote.

Udongo nao usisahauliwe. Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga wanajua kwamba hujaa maji na kuvimba wakati wa masika, kisha hupasuka kiangazi mpaka mkono unaingia. Jengo lililokaa juu yake litapasuka hata likizibwa mara kumi. Lakini ukilibomoa na kujenga jipya palepale, kwa msingi uleule wa kawaida, baada ya misimu michache utakuwa na nyufa zilezile katika jengo ambalo bado linanukia rangi. Nimeona hivyo kwa macho yangu katika wilaya jirani. Kama kasoro ni ya udongo, kubomoa hakutibu kitu mpaka msingi uchimbwe kina cha kutosha kupita udongo huo, au jengo lihamishwe.

Uharibifu mwingine mwingi unatokana na maji, na ni wa bei nafuu kuliko tunavyodhani. Mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa na ukanda wa zege wenye mteremko kuzunguka jengo vingeokoa kuta nyingi tunazozihukumu kufa. Kuna pia kosa la mafundi wa siku hizi kupiga lipu ngumu ya saruji juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa: unyevu hunaswa ndani, lipu hubanduka baada ya mwaka mmoja au miwili, na watu husema jengo limechoka wakati kilichokosewa ni ukarabati.

Nije kwenye fedha. Wengi mnakumbuka kwamba mwaka 2021, katika mpango uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa kiwango cha shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Kwa upande mwingine, kiwango kilichozoeleka cha kumalizia boma la darasa ambalo wananchi wamelifikisha kwenye lenta ni shilingi milioni 12.5. Shule yetu ina wanafunzi 640 na vyumba 10, yaani watoto 64 kwa chumba, ilhali uwiano unaotakiwa ni 45. Kwa hesabu hiyo tunahitaji vyumba 15. Mhandisi alikisia ukarabati wa bloku ya 1956, yenye vyumba vitatu, kuwa milioni 24.

Tuchukulie tumepata milioni 60. Tukibomoa bloku hiyo na kujenga vyumba vitatu vipya, fedha zimekwisha na tumebaki na vyumba vilevile 10, vizuri zaidi, lakini watoto ni 64 kama awali. Tukiikarabati kwa milioni 24, tukajenga chumba kimoja kipya kwa milioni 20, na tukamalizia boma lililosimama uwanjani kwetu kwa milioni 12.5, tumetumia milioni 56.5 na tuna vyumba 12. Nilipoandika hesabu hii ubaoni, kikao kilinyamaza kidogo.

Bloku ya 2004 ni kinyume chake. Kuimarisha msingi wake, kubomoa kuta mbili na kuzijenga upya, kufunga lenta na kubadili paa kulikisiwa kufikia milioni 47 kwa vyumba vitatu, ambavyo vikijengwa upya ni milioni 60. Jimbo la Ohio nchini Marekani limekuwa na mwongozo wa theluthi mbili: ukarabati ukizidi theluthi mbili ya gharama ya jengo jipya, shule hushauriwa kujenga. Si msahafu, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwa kipimo hicho bloku ya 1956 iko kwenye asilimia 40 na ile "mpya" iko kwenye 78.

Hata hivyo makisio ya pande zote mbili huwa na mambo yaliyofichika. Anayetaka kubomoa husahau gharama ya kuondoa kifusi na mahali watakaposoma watoto kwa miezi ya ujenzi. Anayetaka kukarabati husahau kwamba ukifungua dari ndipo unapokutana na mchwa. Ukarabati usiotengewa asilimia 10 hadi 15 ya dharura huishia njiani, na darasa lililoezuliwa nusu ni baya kuliko lile lililokuwa linavuja.

Kuna suala la asbestosi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Majengo mengi ya umma ya zamani, yakiwemo mabweni na madarasa ya sekondari, yaliezekwa kwa karatasi za asbestosi. Zikiwa nzima hatari yake ni ndogo, lakini zikivunjwa, zikikatwa kwa msumeno au kutupwa chini, hutoa nyuzinyuzi zinazoingia mapafuni na madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Zinatakiwa ziloweshwe maji, zishushwe nzimanzima na watu waliovaa barakoa zinazofaa, zifungwe na kufukiwa mahali palipoidhinishwa, na watoto wasiwepo shuleni. Nimeshuhudia vipande vyake vikitumika kuzibia banda la kuku.

Na ukiondoa paa hilo zito ukaweka bati, kumbuka kwamba uzito wake ndio uliokuwa ukilishikilia lisiondoke. Bati ni jepesi, na kenchi isipofungwa kwenye lenta kwa nondo au ukanda wa chuma, upepo wa kwanza wa vuli utaliezua. Kila mwaka tunasikia kwamba upepo umeezua madarasa kadhaa, na tunausema upepo peke yake.

Sitaki nieleweke kwamba natetea kila jengo la zamani. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba na wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine. Kuta za tofali au mawe zisizo na nondo hazina uvumilivu kwa mtikisiko wa namna ile, hata kama zimekaa miongo mingi bila ufa. Katika maeneo kama hayo, jengo linaweza kufaulu mtihani wa nyundo na msumari na bado likawa si la kuaminika, na ndiyo maana Ihungo ilijengwa upya. Kwa upande mwingine, ule mpango wa kukarabati shule kongwe 89 za sekondari, ambamo baadhi ya shule zilipata zaidi ya shilingi bilioni 1 kila moja, ulionyesha kwamba majengo yaliyokuwa yamekatiwa tamaa yanaweza kurudi kuwa shule za kuvutia. Aliyeyaona kabla na baada atanielewa.

Kinachonisumbua zaidi ni namna uamuzi unavyofanywa. Jengo jipya lina jiwe la msingi na utepe wa kukatwa, na lina kibao kinachoandikwa jina la mgeni rasmi. Mfereji wa maji hauzinduliwi na mtu. Hata sisi wananchi tuna sehemu yetu: mkiitwa kusomba mawe na mchanga kwa ajili ya darasa jipya mnajitokeza, mkiitwa kubadili papi za paa zilizooza mnasema hiyo ni kazi ya Serikali. Na fedha za matengenezo ya kila siku ni kidogo mno. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 ndizo zinazopelekwa shuleni. Kwa wanafunzi wetu 640 hiyo ni milioni 3.84, nayo inunue chaki, igharamie mitihani na michezo, kisha ndipo kinachobaki kitengeneze vyumba 10. Shule isiyo na uwezo wa kubadili bati moja linalovuja leo itakuja kuomba paa zima kesho.

NYONGEZA baada ya michango yenu

Nawashukuru wote mliochangia. Nitajibu machache.

Ndugu mmoja wa Ilala anasema kwao hoja yangu ya kukagua jengo haina maana, kwa kuwa shule imebanwa na nyumba pande zote na watoto wanasoma kwa zamu. Namkubalia. Pale ambapo ardhi imekwisha, sababu ya kubomoa ni kiwanja. Jengo lenyewe linaweza kuwa zima, lakini la chini likikaa mahali pa ghorofa tatu linawanyima nafasi watoto wengi. Zanzibar wameifuata njia hiyo kwa kujenga skuli za ghorofa ili kuondokana na mikondo miwili, yaani kusoma kwa zamu. Ila ghorofa haijengwi kwa mazoea ya darasa la kawaida. Mfumo wa fosi akaunti, ambao shule hununua vifaa na kuajiri mafundi wa hapohapo, umeokoa fedha nyingi kwa majengo ya chini, lakini nguzo na sakafu za zege za ghorofa zinahitaji usimamizi wa mhandisi kila siku, pamoja na upimaji wa udongo na wa zege. Kamati ya wazazi haiwezi kuubeba mzigo huo.

Mwalimu mstaafu ameuliza kuhusu majengo yenye historia, akatoa mfano wa Tabora Wavulana alikosoma Mwalimu Nyerere, na Pugu alikofundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili ashike siasa kikamilifu. Shikamoo Mwalimu. Binafsi naamini majengo ya namna hiyo yakarabatiwe hata kama hesabu inaelekea kwenye kujenga, lakini gharama ya ziada isibebwe na fungu la madarasa ya watoto. Mwenye kutaka kumbukumbu ailipie kama kumbukumbu.

Kuna aliyehoji kwa nini ukarabati mwingi unafanywa wakati wa mvua. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi. Hadi fedha zifike kwenye akaunti ya shule, kamati za manunuzi na mapokezi zikae na mafundi wapatikane, mara nyingi ni Oktoba au Novemba, na vuli imeshaanza katika mikoa mingi. Wakati mzuri wa kuezua paa ni likizo ya Juni, ila wakati huo ndipo mafungu yanapokuwa yamekauka. Kwa hiyo tumeamua kwamba makisio na vifaa vitayarishwe mwaka huu, na paa liguswe Juni ijayo.

Aliyeuliza kuhusu watoto wenye ulemavu ameniumbua, kwa sababu katika makisio yetu hatukuweka hata rampu moja. Bloku ya 1956 ina ngazi tatu kila mlango. Tumeongeza rampu, tumepanua milango miwili, na tumeomba milango yote ifunguke kwa nje. Vyoo navyo tumevihesabu upya kwa uwiano wa tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, tukajikuta tuna pungufu kubwa kuliko la madarasa. Hilo linastahili uzi wake.

Mwisho, mmeniuliza tumefikia wapi. Kamati imependekeza bloku ya 1956 ikarabatiwe na ya 2004 ibomolewe, na muhtasari umepelekwa kwa mtendaji wa kata. Mheshimiwa diwani hakufurahi, kwani yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa 2004 akiwa mwenyekiti wa kijiji. Darasa la nne tumelihamishia kwenye stoo ya vitabu, ambako wanabanana. Kwenye ule ufa wa dirishani mzee amebandika ukanda mwembamba wa plasta ya jasi na kuandika tarehe kwa penseli pembeni, ili ukuta ukisogea plasta ipasuke. Jana nilipopita ilikuwa imeshapasuka katikati. Nimepiga picha na nitaipeleka kwa mhandisi Jumatatu.